Mizinga Kumi na Watu Wasiohesabiwa

Barabara inayopita Bonga kutoka Babati kwenda Kondoa na Dodoma tunaijua kwa mabasi na malori ya mahindi na mbaazi. Njia hiyo ina historia nyingine. Mwezi Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Afrika Kusini lililopigana upande wa Uingereza chini ya Jenerali van Deventer liliteremka kutoka upande wa Arusha, likapita Ufiome, likaiteka Kondoa. Mwezi Mei Wajerumani walilishambulia jeshi hilo palepale Kondoa. Miongoni mwa silaha zao ilikuwamo mizinga iliyotengenezwa kwa ajili ya meli.

Mizinga ya meli ilifikaje katikati ya nchi kavu, mbali hivyo na bahari? Nani aliivuta? Mkristo anayejiuliza swali hilo atakutana na swali jingine lililo zito zaidi: je, tunaweza kumkosea mtu aliyekufa zamani, ambaye hata jina lake hatulijui?

Meli yenyewe iliitwa Königsberg. Ilikuwa manowari nyepesi ya Wajerumani yenye mizinga 10, na ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914. Vita vilipoanza mwezi Agosti iliikamata meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester, kisha ikaizamisha. Tarehe 20 Septemba iliingia bandari ya Zanzibar alfajiri ikaipiga manowari ya Waingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Mabaharia wa Pegasus waliokufa wakazikwa katika kisiwa cha Chapwani, karibu na mji wa Unguja.

Baada ya hapo mitambo ya Königsberg nayo iliharibika. Ikajificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, na vyuma vilivyovunjika vikapelekwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Waingereza waliizingira kwa miezi mingi. Tarehe 11 Julai 1915 meli zao mbili ziendazo katika maji ya kina kifupi, Severn na Mersey, zikiongozwa na ndege iliyokuwa angani, ziliipiga mpaka nahodha wake, Max Looff, akaamuru iharibiwe.

Hapo manowari ilikufa, lakini mizinga yake haikufa. Yote 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu na kukabidhiwa jeshi la von Lettow-Vorbeck. Toka Rufiji iliburutwa na mamia ya Waafrika waliovuta kamba. Vita vikaendelea hadi Novemba 1918, na popote mzinga ulipokwenda palihitajika watu wa kuuvuta, wa kubeba risasi zake, na wa kubeba chakula cha wale wanaobeba.

Watafiti wa historia wameifuatilia mizinga ile mmoja baada ya mwingine, wakaandika kila mmoja ulipigana wapi na uliishia wapi. Leo mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Watalii hupiga picha kando yake. Lakini wale walioivuta hawana hata orodha. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita vile walizidi 40,000, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Hata jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao cha wapagazi, nasi hulitaja tukienda sokoni bila kuwakumbuka. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam inamwonyesha mwenye bunduki. Mwenye mzigo hakusimamishwa pale juu.

Isisemwe kwamba wakubwa wa vita hawakujua kuhesabu. Walihesabu sana: mizigo mingapi, vichwa vingapi vya kuibeba, siku ngapi za safari. Maandiko yanatufundisha kwamba kuhesabu kuko kwa namna mbili. Mfalme Daudi alihesabu watu wake ili ajue ana mashujaa wangapi wa kushika upanga, na jambo hilo likawa dhambi kwake. Lakini mchungaji katika mfano wa Bwana Yesu naye alihesabu. Bila kuhesabu asingejua kwamba katika kondoo 100 mmoja hayupo.

Sisi wafugaji tunaielewa tofauti hiyo. Anayehesabu ng'ombe mnadani anatafuta bei. Anayehesabu jioni mlangoni pa zizi anatafuta aliyebaki porini. Mpagazi alihesabiwa kwa hesabu ya mnadani. Alipoanguka njiani, swali lilikuwa nani atachukua mzigo wake.

Wengine watasema: "Mungu anawajua wote, hata nywele zao amezihesabu. Yatosha." Ni kweli kwamba anawajua, na hilo ndilo tumaini letu. Lakini tukumbuke alivyomwuliza Kaini habari za ndugu yake. Mungu alijua Habili yuko wapi. Aliuliza kwa sababu jibu lilimpasa Kaini. Basi Mungu kumkumbuka mtu hakumpi ndugu yake ruhusa ya kumsahau.

Wengine watasema kwamba vita vile havikuwa vyetu na hatia si yetu. Nakubali. Sisi hatukumfunga mtu kamba. Lakini mtu anaweza kukosewa mara mbili: kwanza anapotumiwa kama chombo, na mara ya pili sisi tunapokubali kwamba chombo ndicho alichokuwa. Kosa la kwanza si letu. La pili linatendeka katika kizazi chetu, kila tunapoisimulia habari ya mizinga kwa ufasaha na kuwaruka walioivuta.

Na tabia hiyo haikai makumbusho. Tuiangalie ndani ya sharika zetu. Kila msharika ana namba ya bahasha. Mwisho wa mwaka twaweza kusema bila kukosea nani hajamaliza ahadi yake. Je, twaweza kusema vilevile nani hajaonekana ibadani kwa Jumapili nne, na kwa nini? Yule bibi anayeishi peke yake, kijana aliyekwenda machimboni Mirerani akanyamaza, dada wa kazi anayekaa benchi la nyuma, tunawahesabu kwa hesabu ipi? Sadaka si mbaya, na daftari si dhambi. Lakini daftari linaloonyesha deni la mtu bila kuonyesha kwamba mtu mwenyewe amepotea, hilo ni daftari la vita.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili madogo. Siku tunapowakumbuka marehemu wetu, wawepo katika sala zetu pia wale waliokufa katika barabara hii wakiwa na mizigo ya watu wengine vichwani. Hatuna majina yao, lakini tunaweza kukiri mbele za Mungu kwamba walikuwa watu. Na katika kila jumuiya, kabla mzee wa kanisa hajauliza nani hajatoa, aulize kwanza nani hayupo. Kisha mmoja wetu ainuke aende kumtafuta.