Sauti ya Marehemu ni Amana ya Nani?

Je, aliyekufa huandikiwa kwa sauti yake inayoendelea kuimba duniani? Swali hili aliniletea mtoto wa kaka yangu, kijana anayesoma chuoni hapa Junda, Mombasa, wala hakuja kwa ubishi. Alinikuta ukumbini nimempiga mwimbaji Siti binti Saad kwenye kinanda cha santuri, akangoja kwa adabu mpaka santuri ikamalizika, kisha akasema: "Shangazi, kila ukimpiga huyu bibi wamzidishia mzigo kaburini. Yeye keshakwenda, hawezi tena kutubu. Wewe ndiwe unayemwimbisha."

Nilimwambia akae, maana si swali la kujibiwa kwa kusimama. Kama asemayo ni kweli, basi mimi niliyezikusanya santuri hizi kwa mapenzi, moja Kongowea, nyingine katika nyumba za Mji wa Kale zilipohamwa, nimewadhuru wale wale niwapendao.

Tuanze na kitu chenyewe. Santuri hizi za zamani, nyeusi, nzito, zivunjikazo kama sahani, zimetengenezwa kwa shelaki, jamii ya lakiri ile iliyokuwa ikipigiwa muhuri kwenye barua. Shelaki hutokana na ute wa wadudu wadogo wanaofugwa India kwenye vijiti vya miti. Ute huo hukusanywa, ukayeyushwa, ukachanganywa na unga wa mawe na masizi. Mmoja wa miti wanayokaa wadudu hao ni mkunazi. Nilipolijua hilo niliacha nililokuwa nikifanya, kwa sababu huku kwetu majani ya mkunazi ndiyo tuoshayo maiti.

Kinanda changu ni cha kuzungusha kwa mkono, hakijali stima ikipotea. Nazungusha mpaka springi ikaze, nafungua breki, na santuri inashika kasi yake ya mizunguko 78 kwa dakika. Natia sindano mpya ya chuma, nakaza skrubu, natua kichwa ukingoni. Kwanza mkwaruzo, halafu ala, halafu mtu. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 huchukua kama dakika tatu, na ukiisha naitoa ile sindano naitupa.

Mtu huyo, Siti, ni binti wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu kabla sauti yake haijajulikana mjini. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay wakaimba mbele ya mashine ya kampuni ya His Master's Voice, na santuri zilizotoka huko zikawa miongoni mwa za kwanza kabisa za Kiswahili kuuzwa madukani pwani hii. Alifariki mwaka 1950. Leo pumzi aliyoivuta Bombay, ile anayoivuta kabla ya kuanza ubeti, naisikia Junda. Je, ni yeye, au si yeye?

Wanavyuoni walilishika swali hili mapema. Mwaka 1899, fonografu ingali jambo geni, Sayyid Uthman wa Batavia, mwenye asili ya Hadhramaut kama masharifu wetu wengi, aliandika kijitabu juu ya mashine hiyo na Kurani. Nao walikuwa na pa kuanzia, kwani vitabu vya fikihi vilikwisha kuzungumza juu ya mwangwi na ndege aliyefunzwa maneno. Mtu akisikia aya ya sijda ikirudi kwa mwangwi wa ukuta, au ikitamkwa na kasuku, hatakiwi kusujudu. Maneno ni yale yale, lakini aliyeyatamka hana nia, na bila nia hakuna kisomo.

Nilimtolea kijana wangu hoja hiyo kwa furaha. Kama santuri ni mwangwi, basi haina nia, na isiyo na nia haina dhambi wala thawabu. Siti kalala salama.

Akanijibu palepale: "Shangazi, kisima nacho hakina nia. Mbona aliyekichimba huandikiwa kila mtu anywapo?"

Hapo nilijua kuwa mwalimu wake amemfunza vizuri. Kweli tumefundishwa kwamba mtu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na la kwanza ni sadaka inayoendelea. Tumefundishwa pia kwamba mwenye kuanzisha jambo baya hubeba sehemu ya mzigo wa wanaomfuata. Siwezi kuipokea nusu ya mafunzo hayo iliyo tamu nikaiacha nusu iliyo chungu.

Tena, hoja ya mwangwi ingenipokonya kitu kingine nikipendacho. Miezi miwili kabla ya kifo cha Siti, mwaka huo huo wa 1950, alifariki Cairo Sheikh Muhammad Rifat, msomaji Kurani aliyekuwa kipofu tangu utotoni. Yeye ndiye aliyefungua matangazo ya redio ya Misri mwaka 1934, naye hakukubali mpaka alipopata kauli ya maulamaa wa Azhar kwamba inafaa. Miaka yake ya mwisho maradhi ya koo yalimnyang'anya ile sauti. Sehemu kubwa ya kisomo chake tunachokisikia leo imebaki kwa sababu wasikilizaji waliompenda, hasa Zakaria Pasha Mahran, walikinasa kutoka redioni na kukitia kwenye sahani. Mwenyewe akiwa hawezi tena kusoma, kisomo chake kilikuwa kimehifadhiwa majumbani mwa watu.

Hapa mtaani sijasikia mtu akisema kwamba Sheikh Rifat hapati chochote kwa nyoyo zinazolainika kila Ramadhani kwa sauti yake. Basi nikikubali kwamba yake inaendelea kuandikwa, siwezi kusema ya Siti ni mwangwi mtupu. Santuri haimjui msomaji wala mwimbaji, kwa hiyo tofauti lazima itafutwe kwingine.

Mimi naitafuta katika nia mbili. Ya kwanza ni ya aliyeitoa sauti, siku ile alipoitoa. Siti aliimba mapenzi na mafumbo, ni kweli. Lakini aliimba pia juu ya Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke mgeni Unguja kisha akatoroka, huku wanawake waliokwenda kutoa ushahidi wakiishia kufungwa wao kwa kosa la pombe. Wanawake wale hawakuwa na gazeti wala wakili. Walikuwa na mwimbaji. Mwanamke anayeisimamisha dhuluma hadharani ili isisahaulike, je, huo ni mzigo au ni ushahidi? Hukumu ya nia yake iko kwa Mola wake, mimi sikupewa kuipima, na kijana wangu pia hakupewa.

Nia ya pili ni ya anayeitua sindano, na hii ndiyo niliyopewa. Kurani yatufunza kwamba mzigo wa nafsi moja hautwishwi nafsi nyingine. Nikimpiga Siti wakati wa adhana, au kumkera jirani, au kuusindikiza upuuzi, huo si wake. Imamu Ghazali, katika kitabu cha usikilizaji ndani ya Ihya, amefunza kwamba kusikiliza hakutii jambo jipya moyoni bali hutikisa lililomo. Kama ni hivyo, wakati wa kumpiga marehemu anayehojiwa ni mimi niliye hai.

Nadhani santuri yenyewe inalijua hili kuliko sisi, kwa jinsi ilivyoumbwa. Ule unga wa mawe umo ili uisage sindano, ipate umbo la mfereji inaoupita. Ndiyo maana sindano hubadilishwa kila upande. Ukiirudia iliyokwisha kusagika, inaukwangua mfereji, na weusi ule unaoona umegeuka kijivu ni sauti iliyokwenda. Hata sindano mpya huchukua kidogo. Kila ninapomsikia Siti nampunguza, hakuna namna ya kumsikia bure kwenye kinanda hiki.

Kwa hiyo naziita amana, tena amana ngumu. Nikizitumia ovyo nimefanya hiana. Nikizifungia kabatini pia nimefanya hiana, maana mwenyewe alivuka bahari ili asikike. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili shelaki ilipoadimika, huko Ulaya na Marekani watu waliombwa watoe santuri zao kuukuu zisagwe zitengenezewe mpya. Sauti ngapi zilisagwa ili nyingine zipate pa kukaa! Waliozitoa walidhani wanatoa vyombo tu.

"Basi zirekodi kwa simu, Shangazi, wenyewe wapumzike," alisema kijana. Nimekubali, na yeye ndiye aliyenisaidia. Nakala inaiokoa mifereji, na hilo ni wajibu, kwa sababu hewa yetu ya chumvi na mchwa hawana subira na mali ya mtu. Lakini nakala hailijibu swali lake. Simu huweza kumwimbisha Siti usiku kucha chumbani kusiko na mtu. Kinanda hakiwezi: springi inalegea, upande unaisha, mtu lazima anyanyuke. Kinadai mtu aliyepo, na palipo na mtu pana nia.

Kwa hiyo nyumbani kwangu kuna adabu, na nakala za simuni nazo zimeingizwa humo. Hatumpigi marehemu ili kujaza kimya tukiwa jikoni. Tunakaa. Tunasikiliza upande mmoja mpaka mwisho bila maneno. Kisha, kabla ya kutia sindano nyingine, tunamtaja kwa jina aliyeimba, na waliopiga ala tukiwajua, tunawaombea rehema.

Hilo ndilo jibu nililompa mtoto wa kaka yangu, naye amelipokea, ingawa bado hazipendi nyimbo za mapenzi nami simlazimishi. Kama alikuwa na haki kwamba sauti humwongezea mwenyewe kitu huko aliko, basi msikilizaji hana haki ya kusikiliza bila kuongeza. Wafu wengi hawaombewi tena kwa sababu hakuna anayekumbuka kuwa walikuwapo. Siti ana watu wa kumtaja kila sindano inapotua, na anayesikia uzuri wake akanyamaza bila kumwombea, yeye ndiye aliyebaki na deni.