Usiicheke Lafudhi ya Ndugu Yako



Sifa zote njema zinamstahiki Allah Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, naanza nasaha hii kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mimi nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura. Sisi tuliokulia kwenye Kirundi, "l" na "r" hutuchanganya. Nilipokuwa mdogo nilikwenda kumtembelea shangazi yangu Dar es Salaam. Siku moja nikaingia dukani nikaomba "karamu" badala ya kalamu. Muuzaji akaniuliza, "Karamu ya pilau au ya biriani?" Duka zima likacheka. Nami nikacheka, lakini tangu siku ile mpaka narudi nyumbani, kila nikitumwa dukani nilionyesha kwa kidole tu.

Wahenga wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sikushtuka. Muhula uliopita ndugu yetu mmoja kutoka Bukavu alitoa mawaidha baada ya swala ya Maghribi kuhusu haki za wazazi. Ndugu huyu amehifadhi Qur'ani yote. Alisema "mutu" na "batoto", kama wanavyosema kwao. Usiku bwenini nikamwigiza, na wenzangu wakacheka hadi machozi. Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi. Hakusema neno. Zamu yake ilipofika tena, alisema koo linamuuma. Zamu iliyofuata, aliomba jina lake liondolewe kwenye orodha.

Ndugu zangu, tuulizane: nilicheka nini hasa?

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, Allah anatueleza kuwa kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni miongoni mwa ishara Zake, na ametaja jambo hilo pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Hakuna Muislamu anayetazama mlima akaucheka. Basi vipi tunaucheka ulimi, nao ni ishara ya Mola yuleyule? Na katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, ametukataza kundi moja kulidharau jingine, kwa kuwa huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Mimi nina juzuu chache tu kifuani. Niliyemcheka anazo thelathini.

Wapo wanaotumia kisa cha Bilal (r.a.) kwamba alishindwa kutamka "shini" katika adhana. Kisa hicho ni mashuhuri, lakini wanazuoni wa hadithi, akiwemo Ibn Kathir, wamesema hakina asili. Wala hatukihitaji, kwa sababu Qur'ani yenyewe inatutosha. Nabii Musa (a.s.) alimuomba Mola wake amfungue fundo la ulimi ili watu wafahamu maneno yake (Ta-Ha, aya ya 27 na 28). Alikiri pia kuwa nduguye Harun ni fasaha zaidi kuliko yeye (Al-Qasas, aya ya 34). Juu ya hayo, Allah alimtuma yeye kwa Firauni. Firauni naye, aliposhindwa kuujibu ujumbe, aliushika ulimi: akawaambia watu wake kwamba huyu ni mtu dhalili, hata kusema vizuri hawezi (Az-Zukhruf, aya ya 52). Tuitafakari aya hii. Anayeiacha haki kwa sababu ya lafudhi ya aliyeisema, amechukua hoja ya Firauni.

Tuangalie pia Qur'ani ilivyowafikia Waarabu. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alimweleza Jibril kuwa ametumwa kwa umma usiojua kusoma, wenye ajuza na mzee, kijana wa kiume na wa kike, na mtu ambaye hajapata kusoma kitabu. Jibu lilikuwa kwamba Qur'ani imeteremshwa kwa harufi saba. Wanazuoni wamejadiliana sana kuhusu maana ya harufi hizo, ila hekima yake iko wazi: umma ulifanyiwa wepesi. Na athari za lahaja za makabila zimebaki katika visomo hadi leo. Makureshi walilainisha hamza, Bani Tamim wakaitamka kwa nguvu. Sisi tunaosoma kwa riwaya ya Hafs tunasema "yu'minuna", na wenzetu wa Morocco wanaosoma kwa riwaya ya Warsh wanasema "yuminuna". Neno ni moja, na visomo vyote viwili ni sahihi.

Kiswahili nacho kiko hivyo. Wa Mombasa husema "mtele" na "ndia", wa Unguja "mchele" na "njia". Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na uchaguzi huo umetufaa darasani na vitabuni. Lakini haukumfanya Mvita kuwa mkosaji kwao, wala haukumpa yeyote ruhusa ya kumdhihaki mtu wa Bukavu, Bujumbura au Kampala. Kila mmoja wetu ana lafudhi. Anayedhani hana, hajasafiri.

Mtu atauliza: je, tusisahihishane? Tusahihishane, hasa katika Qur'ani. Msomaji akiigeuza qaaf kuwa kaaf, "qalb" ambayo ni moyo inakuwa "kalb" ambayo ni mbwa. Hapo kunyamaza si adabu. Lakini anayejua akae na mwenzake faraghani, amfundishe kwa upole, akikumbuka kuwa Mtume (s.a.w.) amesema anayesoma Qur'ani kwa taabu na kujikakamua ana ujira mara mbili. Ama "batoto" si kosa la kusomesha mtu tajwidi. Ni lugha ya mama yake.

Nilipokwenda kumuomba msamaha ndugu yangu, nilitarajia lawama. Aliniambia hivi: "Mimi sikukasirika. Niliogopa tu, nikisoma hadithi, batu watacheka maneno ya Mutume kwa sababu ya kinywa changu."

Wallahi sikuwa na jibu. Nilidhani nimemcheka mtu mmoja. Kumbe nilikuwa nimefunga mlango wa elimu kwa msikiti mzima, na mizani yangu ndiyo itakayobeba hesabu hiyo.

Basi tuazimie mambo mawili. Kwanza, mzaha wa kuigiza lafudhi uishe mabwenini, hata kama mwenyewe anacheka pamoja nasi. Mimi pia nilicheka pale dukani. Pili, orodha ya watoa mawaidha iwe na ndugu wa kila upande, na tuwasikilize mpaka mwisho.

Ndugu yetu wa Bukavu amekubali jina lake lirudishwe. Akisimama, tumsikilize.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyatamka kwa dhihaka, zisafishe nyoyo zetu, na uzifanye ndimi zetu zote, kwa lafudhi zake zote, ziwe zenye kukutaja Wewe. Amin.