Asali Isiyopanda Madhabahuni

Katika darasa la kipaimara, hapa usharikani kwetu Masama, mlimani Kilimanjaro, binti mmoja aliinua mkono tukiwa kwenye Mambo ya Walawi. Si kitabu ninachofurahia kukifundisha, maana vijana huanza kusinzia kabla damu ya fahali wa kwanza haijakauka. Huyu alikuwa macho. Alikuwa ameona katika sura ya 2 kwamba Mungu anaagiza kila sadaka ya unga itiwe chumvi, lakini anakataza asali isichomwe madhabahuni. Akauliza, "Mwalimu, kwani Mungu hapendi vitamu?"

Nikampa jibu la wafafanuzi: asali huchachuka na kuchachusha kama chachu, tena mataifa ya jirani walikuwa wakiwatolea miungu yao asali. Jibu hilo halina kosa, ila kwa mtu wa Masama halikai vizuri. Kwetu ndizi mbivu zikichachuka hakuna anayesema zimenajisika. Zinatiwa kimea cha ulezi na majirani wanaitwa.

Baadaye nikausoma tena mstari unaofuata. Asali inaruhusiwa kuletwa pamoja na malimbuko, isipokuwa haipandi juu kwa moshi. Kumbe utamu haukufukuzwa, umekatazwa kuteketezwa tu. Mimi nausoma hivi, na wataalamu wanisamehe: chumvi Mungu aliitaka iwe yake, alama ya agano, lakini utamu alituachia wanadamu, kinywa kwa kinywa. Basi kama kuna dhambi katika sukari, sitakwenda kuitubu kwa kutazama mbinguni peke yake. Dhambi hiyo iko kati yangu na jirani. Na hapo linarudi swali alilouliza yule mwanasheria katika Luka: jirani yangu ni nani?

Mimi nilifundisha sayansi shule ya msingi kwa muda mrefu, kwa hiyo kumtafuta jirani huyo naanza na maji. Molekuli moja ya sukari ya mezani ina kaboni 12, haidrojeni 22 na oksijeni 11. Hesabu haidrojeni na oksijeni hizo, utakuta zinalingana na zile za molekuli kumi na moja za maji. Kaboni muwa unaivuta hewani, nguvu unaipata juani. Chukua kijiko cha sukari ukichome, maji yatatoroka na utabaki na mkaa mweusi. Watoto walilipenda jaribio hilo kuliko yote, ingawa mwalimu mkuu alilalamika kuhusu sukari ya ofisi.

Sasa maji yenyewe yanatoka wapi? Yanapita hapa. Mto Kikafu unashuka kutoka msituni, sisi tunanyweshea vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, kwa mifongo, mifereji waliyochimba wazee, na yanayobaki yanaendelea kwenda Weruweru, kisha Kikuletwa. Huko tambarare, Arusha Chini, kuna mashamba ya miwa ya kampuni ya TPC, yaliyoanzishwa mwaka 1930 na Mdenmaki mwenye meli, A. P. Møller. Yalitaifishwa, na mwaka 2000 yakauzwa kwa wawekezaji wa Mauritius, serikali ikibaki na robo. Kule mvua ni haba, muwa hauwezi kuishi bila umwagiliaji. Siku ya hewa safi, kutoka huku juu unaona ule ukijani umelala katikati ya nchi kavu, na msimu wa mavuno unaona moshi wa miwa inayochomwa majani kabla ya kukatwa. Maji yetu yanashuka bila jina, yanarudi dukani yakiwa meupe ndani ya mfuko wa kilo moja.

Yale yasiyonywewa na muwa yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu yanashika njia ya baharini, mpaka mji wa Pangani. Huko nako kulikuwa na miwa. Katika karne ya 19 matajiri wa Kiarabu na wa pwani walilima mashamba ya sukari kandokando ya mto, wakakamua na kuchemsha kwa mikono ya watumwa, mzigo ukapelekwa Unguja na ng'ambo. Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwaka uliofuata, naye alikuwa mwenye shamba la miwa. Shuleni tulimfundisha kama shujaa, na alikuwa na ujasiri. Lakini somo lile halikuwataja waliokata miwa yake.

Wala sisi wa mlimani tusijitie usafi. Miaka ileile mangi, watawala wa Kilimanjaro, walipigana wao kwa wao, na mateka wakauzwa kwa misafara ya pwani. Njia mojawapo ya misafara hiyo ilifuata mto huohuo. Siwezi kumtaja mtu wa mlima huu aliyeishia kwenye kinu cha muwa kule, lakini njia ilikuwapo na soko lilikuwapo, na maji aliyoyanywa angekuwa ameyajua tangu utoto.

Haya yote yananijia wakati wa chai, ambao si wakati mzuri wa kufikiri hivyo. Kabla ya kunywa tunamwomba Mungu abariki mikono iliyoandaa, na macho yetu yanaelekea jikoni. Hakuna anayetazama dirishani, upande wa tambarare. (Na jambo la ajabu: tunalima kahawa tangu enzi za Wajerumani, lakini mgeni akifika tunamchemshia chai.)

Heshima ya sukari naielewa. Miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, sukari ilikuwa ya kupanga foleni au ya magendo. Aliyekwenda kumwona mzazi na nusu kilo alikumbukwa mpaka mtoto akatembea. Kwa hiyo bado tunamjazia mgeni vijiko vitatu bila kumuuliza, kama kwamba foleni iko palepale nje. Mapema mwaka 2024, mvua zilipokwamisha uvunaji viwandani na kilo ikapita Sh4,000, niliona wazee wenzangu wakiingiwa na hofu ileile ya zamani.

Mdogo wangu ana kisukari. Utafiti wa vijijini uliochapishwa mwaka 1989, Kilimanjaro ikiwemo, ulikuta wenye ugonjwa huo hawafiki mmoja katika kila watu wazima mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu tisa katika mia. Si sukari ya chai peke yake. Kuna uzito, kuna damu ya ukoo, kuna miguu iliyoacha kupanda milima kwa sababu ya bodaboda. Lakini akienda msibani hupewa kikombe ambacho kimeshatiwa, na kukikataa ni kumkosea mfiwa. Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana mtu asizidishe vijiko vidogo sita hivi kwa siku. Mdogo wangu anavimaliza vyote kwenye kiti kimoja, kwa adabu. Huyu naye ni jirani.

Nilimweleza Baba Mchungaji. Akanijibu kwa Paulo, kama nilivyotarajia: Mwalimu, Wakorintho waliambiwa wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Nikamwambia asome mbele kidogo, sura hiyohiyo ya 10, mstari wa 28. Mtu akikuambia kwamba nyama ile ilitolewa kwa sanamu, acha, kwa ajili ya yule aliyekuambia. Nami nimeambiwa. Kijana niliyemfundisha amewahi kukata miwa, akanieleza panga, masizi yanayoingia hadi puani, na mgongo unavyokuwa jioni.

"Kwa hiyo tuache sukari?" akauliza Baba Mchungaji. Waingereza waliiacha mwaka 1791, Bunge lao lilipokataa kuzuia biashara ya watumwa. Maelfu ya nyumba zilisusa sukari ya visiwa vya Karibi. Ilikuwa sawa kwao, kwa maana mtumwa hakuwa na mshahara wa kupoteza. Yule kijana wangu anao. Nikisusa mimi, wa kwanza kuumia ni yeye. Ninachodaiwa naye ni kigumu zaidi kuliko kususa: nisiugombee mfongo kana kwamba mto unaishia kwenye kihamba changu, na nisiite ghali kile kilichomgharimu yeye mgongo.

Baba Mchungaji akasema hilo halihubiriki katika dakika ishirini. Nikamwambia kuna jambo moja linalowezekana Jumapili ijayo: akina mama wa chai walete sukari pembeni, kila mtu ajitilie. Akaniambia hilo nikawaambie mwenyewe.