Mlango wa Jirani Kisiwani

Asubuhi hii nawafikiria watu wa visiwa vya ghuba ya Casco, karibu na Portland, jimbo la Maine, Marekani, mji walikohamia ndugu zetu wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Januari 2024 pwani hiyo ilipigwa na dhoruba mbili, tarehe 10 na tarehe 13. Ya pili ilipandisha bahari hapo Portland hadi futi 14.57, ikapita rekodi ya mwaka 1978. Vibanda vya kale vya wavuvi kule South Portland vilisombwa.

Nyumba nyingi visiwani humo ni za kiangazi. Wakati wa baridi wenyewe hawapo. Baada ya dhoruba kama hizo, jirani anayebaki kisiwani ndiye hupita kuzikagua. Hutazama paa na gati, kisha huingia ndani kukagua mabomba, na hapo ndipo penye kazi. Umeme ukikatika, nyumba hupoa. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, bomba likapasuka. Lakini halivuji papo hapo. Barafu ikiyeyuka, ndipo maji humwagika sakafuni bila mtu kujua. Kwa hiyo jirani mwema hufunga kwanza koki kuu, ndipo arudishe joto.

Namheshimu sana mtu huyo. Hakuna amri inayomlazimisha kukanyaga theluji hadi mlango usio wake. Nawe, kama jirani yako amesafiri na mvua ya usiku ilikuwa kubwa, pita kwake kabla hujaenda kazini, kisha umpigie simu umweleze ulichokiona.