Je, Kukimbia Tufani ni Kukosa Utulivu?

Watu wengi hudhani ya kuwa utulivu ni kukaa mahali pamoja bila kutikisika, na ya kuwa aiachaye nyumba yake kwa kuogopa tufani amekwisha shindwa na hofu. Wengine huzidi kusema, ati mwenye kumtegemea Mwenyezi Mungu hana haja ya kufunga mizigo. Je, rai hii ni sahihi? Tutazame mambo mawili yaliyotokea katika pwani moja, pwani ya Texas huko Marekani, kisha tuhukumu.

Tufani kubwa za bahari ya Atlantiki huitwa harikeni. Ni jamii moja na vimbunga vya Bahari ya Hindi, kama kile kilichoangusha mikarafuu ya Unguja mwaka 1872. Upepo wake hutisha, lakini mara nyingi kinachoua watu wengi zaidi ni maji, kwa sababu tufani huisukuma bahari mpaka ikapanda nchi kavu.

Tarehe 8 Septemba, 1900 harikeni iliupiga mji wa Galveston, uliojengwa juu ya kisiwa cha mchanga. Mahali pa juu kabisa mjini hapakufika mita 3, na bahari ilipanda zaidi ya mita 4. Wenyeji walikwisha zoea kuona maji yakiingia barabarani na kurudi. Basi wengi walibaki majumbani mwao. Watu wasiopungua 6,000 walikufa. Hatuwalaumu, maana elimu ya kutabiri tufani ilikuwa changa siku zile. Lakini twaona ya kuwa utulivu utokao katika mazoea, si katika maarifa, hauokoi.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwishoni mwa Agosti 2005 harikeni Katrina iliangamiza sehemu kubwa ya mji wa New Orleans, na dunia nzima ikaona maiti katika maji. Haukupita mwezi, harikeni nyingine, Rita, ikaelekea Texas. Wakazi wa Galveston na wa mabondeni waliamriwa kutoka, na ilikuwa haki watoke. Lakini watu wengi wa Houston, ambao bahari isingewafikia, walitoka pamoja nao. Zaidi ya watu milioni 2 wakajaa barabarani. Magari yalisimama saa nyingi katika jua kali, petroli ikaisha, na wagonjwa wakazidiwa. Tarehe 23 Septemba basi lililowachukua wazee wa nyumba ya kutunzia wagonjwa liliwaka moto karibu na Dallas, na watu 23 wakafa. Siku ya pili yake Rita ilipiga mashariki zaidi, mpakani mwa Texas na Louisiana, na Houston ikaepuka pigo kubwa. Walakini watu zaidi ya 100 walikufa katika msiba ule, na walio wengi hawakuuawa na upepo wala bahari, bali na safari yenyewe.

Ndugu msomaji, hapa pana fundisho kubwa. Wa kwanza walibaki ilipowapasa kuondoka. Wengi wa pili waliondoka ilipowapasa kubaki. Basi utulivu haumo katika kukaa wala katika kwenda. Utulivu ni kuifanya hofu itumikie akili, isiitawale.

Huenda mtu akauliza: Awezaje kutulia yeye aliyeona maiti za jirani zake majuma machache tu yaliyopita? Swali hili ni la haki. Hofu ni maumbile, wala si dhambi. Mama amwonaye mwanawe hatarini hawezi kuamrishwa asiogope. Lakini aweza kuuliza kwanza: Je, maji yatafika hapa nilipo? Jibu likiwa ndiyo, na aondoke mapema, angali na nafasi ya kumchukua bibi mzee wa nyumba ya pili. Jibu likiwa siyo, na nyumba yake ni imara, basi kubaki kwake ni sadaka, maana amemwachia njia yule ambaye bahari inamfuata.

Hili ndilo jambo linalosahauliwa. Hofu ya mtu mmoja haikai moyoni mwake tu. Hutoka ikachukua nafasi ya mwingine barabarani, na petroli yake, na maji yake ya kunywa. Tena wako wasio na gari kabisa, kama maelfu waliobaki New Orleans mwaka 2005. Kuwaambia hao watulie bila kuwapa chombo cha kuondokea ni dhihaka. Utulivu wao ni deni lililo juu ya wenye uwezo, nalo hulipwa kabla ya tufani, si siku ya tufani.

Ama yule asemaye, “Mimi namtegemea Mungu, sitoki,” hali bahari i mlangoni, na ajichunguze. Huenda anazitegemea kuta zake. Na yule akimbiaye bila kuuliza wala kutazama nyuma, naye huenda anaitegemea miguu yake. Mwenye kumtegemea Mungu kwa kweli hutumia akili aliyopewa, hufanya lililo wajibu wake, kisha moyo wake hutulia, ijapokuwa mikono yake yatetemeka anapofunga mlango.