Aliyetangulia Kufika

Chuoni, nilipokuwa nasomea ualimu, nilipewa somo ambalo nami nililifundisha miaka mingi bila kulichunguza: kwamba watu waliingia Rwanda kwa zamu tatu. Watwa walitangulia na pinde zao, Wahutu wakafuata na majembe, Watutsi wakaja mwisho na ng'ombe, wakaanzisha ufalme. Nililiandika ubaoni kwa namba: 1, 2, 3.

Siku moja mvulana mmoja, mtoto wa wakimbizi kutoka ng'ambo ya Kagera, alibaki darasani baada ya kipindi. Akaniuliza, "Mwalimu, mtu akiwa wa tatu, kwao ni wapi?" Nilimjibu kwamba swali hilo halimo katika mtihani. Jibu hilo linaniuma hata leo.

Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano akataja kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera huingia Ziwa Viktoria. Mwaka 1994 maiti zilipita njia hiyo hiyo. Namba za ubaoni zilikuwa zimepata mtu wa kuzitumia.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba watu hawakuhama. Lakini dhana ya watawala waliotoka Ethiopia ilienezwa na Speke katika kitabu chake cha 1863, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakawagawa watu kwa vitambulisho. Wenyeji walikuwa na hesabu nyingine, ya koo. Wasinga, Wazigaba na Wagesera huitwa abasangwabutaka, yaani waliokutwa katika ardhi. Na ndani ya koo hizo wamo Watwa, Wahutu na Watutsi pia. Hao Wagesera ndio waliotawala Gisaka, mojawapo ya falme za zamani.

Hata hivyo, tuseme namba zangu zilikuwa sahihi. Je, kutangulia kunampa mtu haki gani? Kifungua mimba hawezi kumfukuza kitinda mimba nyumbani kwa sababu aliliona jua kwanza. Kutangulia hueleza njia tuliyopitia. Hakuamui nani abaki.

Kama yule mvulana yu hai, sasa ni mtu mzima. Ningependa asikie jibu nililomnyima: kwao mtu ni pale anapolima, anapolea na anapozika, na wa tatu ana kwao sawasawa na wa kwanza. Mtihani wenyewe ulikuwa huo, nami nilianguka.