Walio Nje Wataona Nini?

Masomo: Yoane 18:20, 1 Wakorinto 14:23-25



Kanisa la Korinto lilikuwa kanisa kama letu: watu wa unabii, watu wa lugha, watu wa maono. Mtume Paulo aliwaandikia akawauliza jambo ambalo sisi hatupendi kuulizwa: akiingia kwenu mtu asiyewajua, ataona nini? Atatoka akisema mna wazimu, au siri za moyo wake zitafunuliwa naye ataanguka kifudifudi na kumwabudu Mungu? Paulo hakukataza unabii. Alitaka yule mgeni ahesabiwe. Sura hii tunaisoma kila mara kwa ajili ya karama, halafu tunamruka mgeni aliyesimama mlangoni.

Wengine wanafikiri kutangaza kanisa ni kununua bafle kubwa na kuielekeza sokoni siku ya soko. Bafle inasikika mbali, lakini haijibu maswali. Na jirani zetu wana maswali. Kwa nini mnavaa kanzu nyeupe? Kwa nini mnavua viatu? Mnapanda kilimani usiku kutafuta nini? Swali hili la tatu si la mchezo. Katika nchi ambayo watu wenye silaha hupita usiku katika vilima hivyo hivyo, kundi la watu weupe wanaotembea gizani wakiimba kwa sauti ya chini linatisha. Mama aliyefunga mlango wake na kukumbatia watoto hajui kama ni sala. Askari naye hajui.

Tukumbuke yaliyompata nabii Simon Kimbangu. Tarehe 6 Aprili 1921 alianza kuponya wagonjwa pale Nkamba, na watu wakaacha kazi, wakaacha hospitali za misioni, wakajaza njia. Mwezi wa Mei alifika mtu wa serikali ya Wabelgiji, jina lake Morel. Alikuta nyimbo, vilio na watu wanaotetemeka, akarudi na habari kwamba kuna hatari. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule ule mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu nabii kufa. Mfalme Albert aligeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu alikaa gerezani Elisabethville mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951.

Hatusemi kwamba angemweleza Morel vizuri angeachiliwa. Mkoloni hakuwa na haja ya kuelewa. Lakini tazameni wafuasi walivyofanya baadaye. Miaka ya mateso walisali kwa siri, mama Marie Muilu akiwalinda. Ilipofika miaka ya 1950 wanawe na waamini walitoka mwangani, wakaiandikia serikali, wakasema sisi ni nani na tunaamini nini. Tarehe 24 Desemba 1959 kanisa lao lilitambuliwa, na mwaka 1969 likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Siri iliwahifadhi wakati wa mateso. Lakini kanisa halikutambuliwa mpaka waliposimama mahali pa kuonekana.

Huku kwetu milimani kuna kidonda kingine. Mwaka 1944 Bushiri alijiita mkombozi, akainua watu wa sehemu za Masisi na Lubutu juu ya Wabelgiji kwa mafundisho ya Kitawala. Damu ilimwagika, na serikali ikalipiza kwa ukali. Tangu hapo mtu anayesali pasipo padri wala misionari hutazamwa kwa shaka. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 inaruhusu makanisa kuandikishwa, na ni vema. Karatasi hiyo iwekwe pakavu isiliwe na mchwa. Lakini karatasi ya Kinshasa haimtulizi jirani wa Kashuga.

Sasa tufike penye uzito. Unabii unaotaja jina la mtu kuwa mchawi, au unaotaja kabila kuwa adui, hauishii kanisani. Unatoka pamoja na watu, unafika kisimani, unafika sokoni, na jioni umekwisha kuongezwa maneno. Mwezi wa Machi 1993 vita viliwaka Ntoto kule Walikale, vikafika Masisi, na majirani waliokuwa wakikopeshana chumvi wakauana. Nchi iliyokwisha kuungua hivyo, nani atathubutu kuirushia kaa la moto na kusema ni la Roho Mtakatifu? Paulo anaagiza manabii wawili au watatu waseme, na wengine wapime. Basi lipimwe kabla halijatangazwa. Na kipimo kimoja tunakitoa wazi: neno ambalo hatuwezi kulisema mbele ya mtu anayetajwa, na ndugu zake, na chefu wa kijiji, lisisemwe. Yesu alipoulizwa na kuhani mkuu juu ya mafundisho yake alijibu kwamba alifundisha hadharani, wala hakusema kitu kwa siri. Aliweza kuwaambia wawaulize waliosikia. Je, sisi tunaweza kumwambia mtu awaulize jirani zetu?

Juu ya wagonjwa tutasema kwa kifupi. Watu husema waamini wa manabii huwanyima watoto chanjo na kuwafikisha hospitalini wamekwisha kulegea. Luka alikuwa mganga naye alitembea na Paulo. Mwombee mtoto, kisha umbebe. Januari 2024, mabomu yalipoua raia hapa Mweso, maelfu ya watu walikimbilia Hospitali Kuu, na wa madhehebu yote walilala chini ya ukuta mmoja. Mwamini akimtukana muuguzi leo, kesho atakimbilia wapi?

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kesha la kilimani lisifanyike kabla wazee wawili hawajamwarifu chefu na nyumba zilizo njiani, wakisema saa ya kupanda na saa ya kushuka. Usalama ukiwa mbaya, kesha lifanyike kanisani, taa zikiwaka na mlango wazi. Siku ya salongo tufike mapema, na majembe yetu, bila hotuba. Matangazo ya ibada yatolewe kwa Kiswahili, Kihunde na Kinyarwanda, ili asiwepo anayesema kanisa hili ni la watu fulani. Na wamama wa ukaribisho waweke benchi moja karibu na mlango kwa wageni. Mgeni asivuliwe viatu kwa nguvu, wala asiombwe sadaka. Aelezwe kwanza. Akiuliza swali ambalo mkaribishaji hawezi kulijibu, apelekwe kwa mchungaji siku ile ile, kabla hajarudi nyumbani.